Wananchi Walitangaziwa

Kazi yangu ni kuwafundisha watu wa ofisi kusema. Nikiulizwa harusini nafanya nini siku hizi, hujibu hivyo, na watu hucheka kwa sababu wanadhani kila mwenye ulimi anajua kusema. Waje waone. Mtu aliyeamka asubuhi akamtania mkewe, akagombana na muuza maziwa, akausalimia mtaa mzima, akikaa tu kwenye kiti cha ofisi kinachomtoka mdomoni ni "wadau husika wanaarifiwa". Nimeshauri ofisi za wilaya, kamati za maji, chama cha wauza samaki kule Wanyange, na hospitali moja iliyokuwa ikizozana na majirani juu ya moshi wa taka zake. Kote nimekuta ugonjwa ule ule, na sidhani kama nimemponya mtu.

Zamani nilikuwa mtangazaji wa redio hapa Jinja. Asubuhi nilisoma habari kwa Kiswahili, na alasiri nilikuwa na kipindi cha salamu. Kipindi kilipofutwa kwa sababu, walisema, Kiswahili hakina wadhamini, nilijikuta nina sauti nzuri na sina pa kuipeleka. Rafiki yangu wa wilayani akaniita nimsaidie kuandika taarifa kwa waandishi wa habari. Taarifa moja ikaleta nyingine, na ndivyo nilivyokuwa mshauri wa mawasiliano. Angalau kadi yangu inasema hivyo.

Mafunzo yetu yote yanafanana. Ukumbi wa hoteli upande wa ziwa, bango nyuma ya meza kuu, chupa za maji, chai ya saa nne na sambusa zilizopoa. Wanaokuja huuliza kwanza kama kutakuwa na fulana. Mimi huwaambia kwamba kabla hujafungua mdomo, ujue unamwambia nani, na mtu huyo amezoea kumsikiliza nani. Hapo wanaitikia kwa vichwa huku wanachati. Somo wanalolipenda ni lingine, lile ninaloliita sauti moja. Ofisi iwe na msemaji mmoja na ujumbe mmoja, asitokee huyu akisema hivi na yule akisema vile. Huwapa mfano wa soko lililobomolewa, mwenyekiti akawaambia wachuuzi watapewa nafasi, karani akawaambia hakuna nafasi, na jioni mawe yakaruka. Hilo huwa wanaliandika. Hulirudia kwa pamoja kama watoto wa madrasa, "Jambo moja, sauti moja," nami nilikuwa nikifurahi, maana ni nadra kumwona ofisa akifurahia kitu kisicholiwa.

Lazima niseme neno kuhusu Kiswahili, kwa sababu bila hilo yaliyotokea Mbale hayaeleweki. Nyumbani kwetu tulisema Kiswahili. Mama yangu alikaanga mandazi karibu na msikiti, na lugha hiyo kwangu ni ya kuitwa ndani ule, ya kufunikwa shuka, ya kukemewa kwa mapenzi. Lakini wenye lugha hiyo nyumbani tulikuwa wachache. Siku moja nikiwa mdogo tulikwenda sokoni, mama akaniita kwa sauti kutoka upande wa pili, "Wewe! Njoo hapa haraka!" Muuza ndizi aliyekuwa mbele yangu akadondosha kisu na kujificha nyuma ya gunia. Hakuwa akicheza. Miaka ya wanajeshi ilikuwa imepita juzi tu, na mwanamke yule lugha hiyo alikuwa ameisikia kwa watu wenye bunduki peke yao.

Mama aliona aibu sana. Tangu siku hiyo, tukiwa nje aliniita kwa Kisoga, lugha ya wenyeji wa Jinja, ambayo hakuijua vizuri, na tukifunga mlango ndipo tuliporudi kwenye lugha yetu. Alikufa akiendelea hivyo. Iliniuma, na bado inaniuma, kwamba mama yangu aliiona sauti yake mwenyewe kuwa kitu cha kuwatisha watu.

Mradi wa Mbale ulinijia kupitia mafunzo hayo hayo. Siutaji jina, na tayari umeshafungwa. Kazi yake ilikuwa kuwapa tahadhari watu wanaokaa kando ya mto katika mtaa wa Namatala. Mafuriko ya kule yana ujanja wake. Mvua hunyesha mlimani, mjini jua linawaka, watu wameanika nguo, na maji yanakuja. Kwa hiyo mradi uliweka mtu mlimani mwenye simu. Akiona mto umebadilika anapiga ofisini, na ofisi inawaambia watu wahamie shule iliyo juu ya barabara. Swali walilonipa mimi lilikuwa dogo: ofisi itawaambiaje? Nikapanga chumba Malukhu, mtaa mwingine wa Mbale, nikawa nakwenda Namatala kila asubuhi kukaa na watu, maana siwezi kushauri mahali ambapo sijakaa.

Nilikaa zaidi kwa mama mmoja mzee muuza makaa, kwa sababu alikuwa na benchi. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kabla ya mto, na ukiegemea ukuta wa nyuma ulisikia maji yanavyopita. Alikuwa Mgisu wa milimani, mjane, mwembamba, mwenye kejeli. Aliniita mwanangu, mimi nilimwita jaja, yaani bibi, na tuliongea Kiganda, mimi cha Jinja na yeye cha kuokoteza sokoni. Vijana wa pale walinunua makaa yake kwa kopo, wapagazi, wafua nguo, wauza chapati, watu wa kuamka bila kujua jioni watakula nini. Alipoona naandika aliniuliza kama nikimaliza kuandika maji yataogopa.

Hapo kwake ndipo nilipoona jinsi kizindaalo kinavyofanya kazi. Ni vipaza sauti vya bati, vimefungwa juu ya mti mrefu wa mkaratusi, na chini yake kuna kibanda chenye maikrofoni na mwenye mashine. Mtoto akipotea, mbuzi akipotea, chanjo ikija, tangazo hupita hapo. Lakini msiba ndio mkubwa wa yote, na una dalili yake. Mwenye mashine hugonga maikrofoni kwa kidole, ananyamaza, kisha anaanza. Mara ya kwanza alipogonga nikiwa pale, mtaa mzima ulisimama. Mwanamke aliyekuwa akimwogesha mtoto alimwacha na povu lake. Milango ikafunguka, hata ya wagonjwa, na watu wakasimama vizingitini kimya, kwa sababu ni aibu kubwa kutojua kwamba jirani amefiwa. Tangazo lilisomwa kwa Kimasaba, lugha ya Wagisu, kisha Kiteso, kisha Kiganda. Lilipokwisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

"Kama hakijasema, mimi nangoja," jaja aliniambia. "Huku watu wanazusha mengi."

Nilirudi Malukhu nikaandika ushauri mfupi kuliko wowote niliowahi kuuandika. Tumieni kizindaalo, nilisema. Sauti ile ile, lugha zile zile, hata kugonga kule kwa kidole kusiachwe. Nilijua ni kazi nzuri, na usiku huo nililala vizuri.

Mkuu wa mradi alikuwa mtu mpole, msomi, mwenye tai hata siku za joto. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kushika simu, ndiyo maana mpaka leo nashindwa kumchukia vizuri. Kisha akaniuliza, kizindaalo ni cha nani? Nikasema ni cha mtu binafsi. Kina kibali? Hakina, na alijua hakina, na miji mingine ilikuwa imeanza kuving'oa kwa sababu ya kelele. Halafu kuna suala la lugha, akasema. Tukianza na Kimasaba, Wateso na Wakaramojong watasema mradi ni wa Wagisu. Tukianza na Kiteso, Wagisu watauliza wenye mji ni nani. Yeye alitaka Kiswahili. Hakina kabila, serikali inakitaka, nchi jirani zinakitaka, na wafadhili walikifurahia sana walipokisoma kwenye mpango. Isitoshe gari la matangazo lilikuwa limeshanunuliwa, lina vipaza sauti juu na nembo ubavuni.

"Na wewe madam, mtu wa Kiswahili," akasema akitabasamu, "nilidhani utafurahi."

Hapo alinipata. Nilitamani maneno yake yawe kweli. Maisha yangu yote nimetaka kuisikia lugha ya mama yangu ikipita barabarani kwa heshima, ikiwaita watu kwenye jambo jema. Hata hivyo nilimsimulia habari ya muuza ndizi na kisu chake. Akasema hayo ni ya kizazi kilichopita. Vijana wa Namatala hawawakumbuki wanajeshi, alisema, na kutwa wanasikiliza nyimbo za Kiswahili. Nikamwambia kando ya mto hawakai vijana peke yao. Akaandika hilo kwenye karatasi yake, akapiga mstari chini, na kikao kikaendelea na mambo ya fulana.

Gari lilipewa dereva Mkenya, mtu wa lori aliyechoshwa na foleni za mpakani akaoa Mbale na kutulia. Alikuwa mlokole, mcheshi, mrefu wa kujaza mlango, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kweli. Ndiye aliyepewa na maikrofoni, kwa sababu hakuna mwingine ofisini aliyeweza kumaliza sentensi ya Kiswahili bila kujikwaa. Mradi ulimpa pia koti la kijani kibichi lenye mifuko mingi. Nilipoliona koti lile, lililofanana na la askari, nilimwomba alivue.

"Madam, hii ni yunifomu," alinijibu. "Nikiitoa, mkubwa atasema nimeiuza."

Siku ya kulijaribu gari nilikuwa kwa jaja. Liliingia polepole kati ya vyumba, na sauti ikamiminika. "Wananchi wapendwa, tokeni nje. Tokeni nyumbani kwenu, mwelekee shuleni." Ilikuwa sauti nzito, yenye upendo, sauti ambayo redioni ningeipa kipindi cha asubuhi. Nikaanza kusikia milango. Mmoja, mwingine, kisha yote ya upande ule wa mto, makomeo yanateremshwa. Jaja alikuwa amekamata kopo la makaa. Alilitupa, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akanivuta ndani na kufunga. Tulikaa chini gizani, migongo ukutani, gari likapita, na hakuniachia mpaka mlio wake ulipopotea kabisa. Nje walibaki vijana, wakizomea, maana wao walidhani wanafukuzwa ili kando ya mto apewe tajiri fulani.

"Kiswahili nakijua," jaja aliniambia baadaye, akiitazama mikono yake yenye vumbi jeusi. "Fungua. Toka nje. Lala chini. Mume wangu aliambiwa toka, akatoka."

Alisema hayo maneno machache ya Kiswahili vizuri kabisa, bila kosa. Nilimweleza kwa Kiganda kwamba gari lile ni la wema, kwamba siku mto ukibadilika litapita tena kama hivi, na akilisikia tu atoke, asingoje kitu, apande shuleni. Alinisikiliza kwa adabu yote. Akasema mimi ni mtoto mzuri, na siku ya maji kizindaalo kitasema, na kikisema atakwenda hata kama miguu inamuuma.

Dereva nilimkuta barabarani ameegemea gari, uso umemshuka.

"Madam, mbona wananikimbia? Si nimeongea poa?"

"Umeongea vizuri," nikamwambia. Sikuwa na moyo wa kumwambia zaidi.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kizindaalo. Mwenye mashine aliuona mtandio wangu, akaniita Hajati ingawa Makka sijafika, na kwa heshima ya mtandio huo akaongea nami Kiswahili chake, kisichotofautisha mimi na yeye.

"Hajati, mimi nasoma tu ile chairman napiga stampu. Wakati moja nilitangaza maji nakuja, maji hapana kuja. Afande walifika hapa, nachukua mashini, nachukua na mimi."

"Na maji yakija kweli?"

"Leta stampu ya chairman. Mimi nasoma hapo hapo."

Chairman wa mtaa alinipokea kwa soda. Mhuri anao, alisema, tena uko mfukoni, lakini hawezi kuupiga juu ya ujumbe wa mradi kabla mradi wenyewe haujakubali. Neno moja la mkuu lingetosha, hata kwa simu. Nikampigia mkuu pale pale, mbele yake. Nikamweleza makomeo, vijana, jaja alivyonivuta. Nikamwomba aseme tu ndiyo, gari lake liendelee kupita, lakini kizindaalo nacho kiseme.

Alijibu kwa upole wake ule. Suala hilo litapelekwa kwenye kikao kijacho cha wadau. Kwa sasa hataki kizindaalo kiseme hivi na gari liseme vile, watu wachanganyikiwe.

"Madam, wewe ndiye uliyetufundisha," akasema. "Jambo moja, sauti moja."

Nyuma yake nilisikia mtu akicheka kidogo, bila ubaya, kama mwanafunzi aliyefurahi kulikumbuka somo.

Nilibaki na soda mkononi. Nimefundisha mengi, katika kumbi nyingi, na katika yote hilo ndilo lililoshika. Niliwaambia wamjue wanayemwambia, likapita. Niliwaambia wasikilize kwanza, likapita. Chairman aliniuliza kama mkuu amekubali. Nikamwambia tungoje kikao.

Kikao kikaahirishwa kwa sababu ya ziara ya wafadhili, halafu kikaahirishwa kwa sababu ya ripoti ya ziara. Mkataba wangu ukaisha. Siku ya kuaga, jaja alinipa malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyakausha kwa moshi kule milimani, amenifungia kwenye jani la mgomba. Akaniagiza niyapike na karanga, na nisiyaharibu kwa viungo vyetu vya Kiislamu. Niliyapika Jinja kama alivyosema. Nilipokuwa nayala nilijiambia kwamba labda mwaka ule mto utatulia.

Ilikuwa alasiri, nami niko ukumbini nafundisha watu wa wilaya nyingine, simu ilipoanza kutetemeka juu ya meza. Niliiacha. Ikatetemeka tena na tena mpaka washiriki wakaanza kuitazama. Nikatoka nje kwenye nyasi, ziwa liko mbele yangu limetulia, hakuna wingu. Alikuwa dereva.

"Madam, yule mtu wa mlima amepiga, maji inakuja. Nimetangaza mpaka koo imekauka. Wamefunga milango. Nimeshuka nikagonga kwa mkono. Nikigonga wananyamaza. Niseme aje? Wewe niambie niseme aje."

Niliiona picha yake pale, mtu mrefu mwenye koti la kijani, anapiga milango kwa ngumi na kulia kwa Kiswahili wafungue. Nikamwambia avue koti. Nikamwambia asiseme tena neno lolote, akimbie kwenye kibanda cha kizindaalo na kumpa mwenye mashine simu. Nilisikia pumzi zake na viatu vyake. Kisha nikasikia sauti ya mwenye mashine.

"Hajati, stampu iko?"

"Chairman yuko wapi?"

"Amekwenda mazishi. Simu yake imezimwa."

"Tangaza hivyo hivyo. Sema ni mimi nimekuambia. Sema chochote, gonga tu maikrofoni, watafungua."

Nilimsikia anavyopumua. Nina hakika alitaka, na sitaki mtu amlaumu.

"Hajati, mimi niko na watoto," akasema.

Dereva akapiga kelele mahali fulani karibu, kisha watu wengi wakapiga kelele, na simu ikajaa mlio ambao sikuutambua. Ikakatika. Nikaipiga tena, haikupatikana. Nilisimama pale kwenye nyasi nikitazama maji ya ziwa ambayo hayakuwa na habari na mtu. Kisha nikarudi ukumbini, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda, na nikawakuta wananisubiri tuendelee.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Mbale. Mkuu hakuwa na tai. Viatu vyake vilikuwa na tope mpaka juu, macho mekundu, na aliponiona alisimama kunishika mikono yote miwili. Alinieleza kwa sauti ndogo. Watu wa safu za juu za vyumba waliyaona maji kwa macho yao wakakimbia, na wengi walipona. Safu ya mwisho walikuwa ndani. Muuza makaa walimtoa alfajiri, na iliwabidi wavunje mlango, kwa sababu komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani.

Sikulia pale. Nilisikia baridi tu, kama mtu mwenye malaria, na nikaomba chai.

Waandishi walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye benchi la nje. Mkuu alinisogezea karatasi na kalamu. Mkataba ulikuwa umekwisha, alijua, lakini hakuwa na mwingine wa kumwomba.

"Andika kwamba wananchi walitangaziwa," akasema. "Kwani si kweli?"

"Ni kweli."

"Na kwamba gari lilipita zaidi ya mara moja. Hilo nalo ni kweli."

Niliandika. Nina ujuzi wa kuandika haraka, nimeupata redioni. Wananchi wa kando ya mto walitangaziwa kabla ya maji kufika, na mradi unaungana na familia zilizofiwa katika kipindi hiki kigumu. Mkuu aliisoma, akasema iko wazi sana, akanishukuru. Alikwenda kuisoma nje yeye mwenyewe, msemaji mmoja, ujumbe mmoja, bila kuongeza wala kupunguza. Waandishi waliichukua kama ilivyo. Mmoja aliuliza kama kuna picha ya gari. Hakuna aliyeuliza watu walitangaziwa kwa lugha gani.

Dereva alinipeleka Namatala. Alikuwa amevaa fulana tu, koti sikuliona na sikuuliza. Tulisimama mahali gari lilipoweza kufika, kwa maana mbele yake kulikuwa na tope, mabati, na magodoro yaliyoanikwa juu ya kuta zisizo na paa. Benchi la jaja sikuliona. Makaa yake yalikuwa yamesambaa kwenye tope mpaka barabarani, na watoto walikuwa wakiyaokota na kuyaanika.

Ndipo maikrofoni ikagongwa. Kidole, kimya, kisha sauti. Kila aliyekuwa akichota tope alisimamisha jembe lake. Milango iliyobaki ilifunguka yote, ya safu za juu na za katikati, na watu wakatoka wakasimama vizingitini, wazee kwa vijana, mikono imelala. Mwenye mashine alisoma kwa Kimasaba kwanza. Alitaja jina la jaja, la baba yake na la ukoo wake, la mumewe aliyetangulia zamani, na kilima atakakozikwa, na akaomba mwenye gari la kubebea maiti ajitokeze. Kisha akasoma kwa Kiteso, kisha Kiganda. Hakuna aliyenung'unika kwamba lugha fulani imetangulia. Sikuona hata mlango mmoja uliofungwa, nami nilitazama kwa makusudi, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

"Wanasema nini, mama?" dereva aliniuliza.

Hakuwahi kuniita mama kabla ya siku hiyo. Nikamwinamisha nikamweleza sikioni, kwa kunong'ona, kwa sababu kwenye vizingiti vya karibu walikuwa wamesimama wazee, na sikutaka wasikie ni lugha gani ninayosema.